Aulizwe Kabla ya Kisu

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, na ninyi mama zangu na dada zangu mliopita katika njia hii na mkakubali kuja kuketi nasi leo: wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie jinsi huduma ya kujenga upya titi, baada ya upasuaji wa kuliondoa, inavyotofautiana kati ya eneo na eneo. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya matiti, kwa hiyo nitaanzia pale ninapokaa kila siku, kwenye kiti kilicho kando ya kitanda cha uchunguzi.

Siku moja alikuja mama mmoja kwa uchunguzi wake wa kila mwaka. Titi lake la kushoto liliondolewa miaka tisa kabla ya siku hiyo. Nilimsaidia kuvua blauzi kwa sababu mkono wa upande ule ulikuwa umevimba na haunyanyuki vizuri. Ndani ya sidiria, mahali pa titi, kulikuwa na soksi. Ilikuwa soksi nyeupe ya mtoto wa shule, imejazwa pamba na kushonwa mdomo kwa uzi mweusi, na chini kabisa alikuwa ametia vijiwe viwili laini ili isipande juu akiinua mkono. Aliitoa taratibu akaiweka mapajani, kitambaa juu yake, kama mtu anayeficha kitu mbele ya mgeni.

"Hii ya nne, mwanangu," aliniambia. "Zile za kwanza zilikuwa nyepesi. Nikiinama tu, titi limefika shingoni."

Nikamwuliza kama kabla ya upasuaji wake kuna mtu yeyote aliyemweleza kwamba titi linaweza kujengwa upya. Alinyamaza. Akasema alielezwa tarehe, akaelezwa asile kitu tangu usiku, akapewa fomu atie sahihi. Basi nikavuta kiti, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza swali moja: "Na jambo hili lipo tangu lini?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Nilisema "zamani kidogo", nikaendelea kuandika kwenye faili. Swali lile limenikaa rohoni, na leo naomba nilijibu mbele yenu.

Lipo tangu mwaka 1895. Huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alimfanyia upasuaji mwanamke mmoja wa titi, pengo likabaki, akachukua uvimbe wa mafuta uliokuwa sehemu nyingine ya mwili wa mwanamke huyo huyo akaujazia pale. Mwaka 1906 Iginio Tansini wa Italia akaeleza namna ya kuleta ngozi na msuli wa mgongoni hadi kifuani. Lakini aliyesikilizwa zaidi zama zile alikuwa William Halsted wa Baltimore, Marekani, ambaye upasuaji wake uliondoa titi, misuli ya kifua na tezi za kwapani vyote kwa pamoja. Katika mkondo wake wa mawazo, kufunika kifua kwa nyama ya kuhamishwa kulionekana ni kuificha saratani ikirudi. Mbinu ya Tansini ikalala kwa miongo mingi, ikafufuliwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1962, mfuko wa kwanza wa silikoni uliwekwa katika mwili wa mwanamke huko Houston. Mwaka 1982 Carl Hartrampf wa Atlanta na wenzake wakachapisha mbinu ya kutumia nyama ya tumboni, na kufikia miaka ya 1990 madaktari walikuwa wanahamisha ngozi na mafuta ya tumbo huku wakiuacha msuli mahali pake. Ile hofu ya wafuasi wa Halsted nayo imefanyiwa utafiti kwa muda mrefu, na haikuthibitika: kujenga titi hakuifanyi saratani irudi.

Kwa hiyo mama yule alipolazwa, mbinu zote hizi zilikuwapo duniani kwa miaka mingi. Zilikuwa tu mbali na kitanda chake.

Sasa, tofauti za mahali huwezi kuzielewa mpaka uijue kazi yenyewe inataka nini. Wengi hapa mnaijua. Wasioijua wanivumilie.

Njia moja ni kuweka mfuko wa silikoni chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua. Mara nyingi hutangulia mfuko wa kutanulia ngozi. Mgonjwa anarudi kliniki kila wiki moja au mbili, anachomwa sindano kwenye mdomo mdogo wa kujazia ulio katika mfuko ule, anaongezewa maji ya chumvi, anakwenda nyumbani akiwa amebanwa kifua, anarudi tena. Ngozi ikishatanuka vya kutosha unafanyika upasuaji wa pili wa kuweka mfuko wa kudumu. Hesabuni safari hizo. Mwanamke anayekaa jirani na hospitali anaziona ni usumbufu. Mwanamke anayetoka mbali anaziona ni nauli, ni siku za kazi zilizopotea, ni watoto walioachwa kwa jirani, na baada ya safari ya tatu mume anauliza hii kazi inaisha lini. Daktari anayeandika "arudi kila wiki" hamwoni akihesabu vidole pale nje kwenye benchi. Mimi nawaona.

Na mfuko hauishii pale unapowekwa. Tiba ya mionzi inaweza kulifanya kovu linaloizunguka silikoni likaze na kuuma. Mfuko unaweza kupasuka, unaweza kuhitaji kubadilishwa baada ya miaka. Mwaka 2010 iligundulika Ufaransa kwamba kampuni ya Poly Implant Prothèse ilikuwa inajaza mifuko yake silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kuwekwa mwilini. Mwaka 2019 Allergan iliondoa sokoni mifuko yake yenye uso wa kukwaruza kwa sababu ya uhusiano wake na aina adimu ya saratani ya mfumo wa limfu. Wanawake waliokuwa na kliniki karibu, yenye kumbukumbu zilizotunzwa, waliweza kuitwa na kuchunguzwa. Aliyewekewa mfuko katika mji wa mbali, akarudi kwao na karatasi iliyolowa mvua, nani atampata? Ninapozungumzia tofauti ya huduma ninahesabu na hilo.

Njia nyingine ni kutumia mwili wa mwanamke mwenyewe: mgongo, paja, na zaidi ya yote tumbo. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nimekesha nayo.

Daktari anakata ngozi na mafuta ya chini ya kitovu, pamoja na mshipa mdogo unaoleta damu na ule unaoirudisha. Kipande kile kinatolewa kabisa mwilini. Kwa muda kinakuwa hakina uhai wa kukitegemeza. Kisha kinapelekwa kifuani, na chini ya hadubini mishipa ile inaungwa na mishipa iliyo kando ya mfupa wa kifua. Mishipa yenyewe ina upana wa milimita mbili, tatu hivi. Uzi ni mwembamba kuliko unywele. Ukiudondosha sakafuni usahau. Kazi nzima inaweza kuchukua saa sita, saa nane, na zaidi ya hapo.

Mgonjwa akishatolewa chumba cha upasuaji, zamu ni yetu. Kila saa, usiku kucha, muuguzi anakwenda kitandani. Anaangalia rangi ya titi jipya. Analigusa kwa mgongo wa kidole kupima joto. Anabonyeza, anaachia, anahesabu sekunde mpaka wekundu urudi. Anaweka kile kifaa kidogo cha kusikilizia, na anatafuta ule mlio wa damu inayopita, shwaa, shwaa, shwaa. Ukisikia mlio ule saa tisa usiku unaweza kulia kwa furaha. Titi likiwa la baridi na limepauka, damu haifiki. Likiwa la bluu na limevimba, damu haitoki. Kwa vyovyote vile huna muda wa kusubiri kuche.

Nimewahi kumpigia daktari saa nane usiku. Titi lilikuwa sawa saa saba. Saa nane lilikuwa na rangi ya zambarau pembeni, na nilipobonyeza wekundu ulirudi haraka mno, kabla sijamaliza kuhesabu moja. Alikuja amevaa viatu vya nyumbani. Timu ya usingizi iliamshwa, chumba kikafunguliwa, wakakuta bonge la damu kwenye mshipa wa kurudishia, wakalitoa, wakaunga upya. Titi lile lilipona. Mwenye titi hakujua lolote mpaka asubuhi.

Sasa tazameni ni vitu vingapi vilihitajika usiku mmoja ule: bingwa mwenye mkono wa kazi ile, hadubini, nyuzi, mtaalamu wa usingizi, chumba cha upasuaji kinachofunguka usiku, damu ya akiba, na muuguzi aliyefundishwa kutofautisha rangi mbili. Kikikosekana kimoja, hospitali haiwezi kuifanya kazi hii kwa usalama, na daktari mwaminifu hatajaribu. Ndiyo maana karibu kila nchi duniani huduma hii imejikusanya katika miji mikubwa yenye hospitali za kufundishia. Simlaumu mtu kwa hilo. Ninacholaumu kinakuja.

Wapo wanaosema dawa ni sheria na bima. Mimi naziheshimu sheria, na baadhi ni nzuri kweli. Marekani, tarehe 21 Oktoba 1998, ilipitishwa sheria kwamba bima inayolipia kuondolewa titi ilipie pia kulijenga upya, kulirekebisha titi la pili ili yafanane, titi bandia la kuvaa, na matatizo yanayofuata pamoja na uvimbe wa mkono. Brazil ilitunga sheria mwaka 1999 inayoupa mfumo wa umma wajibu wa kujenga titi, na mwaka 2013 ikaongeza kwamba, hali ikiruhusu, lijengwe katika upasuaji ule ule wa kuliondoa. Japani mwaka 2013 bima ya taifa ilianza kulipia mifuko ya silikoni. Korea Kusini nayo ilianza kuchangia gharama mwaka 2015.

Sheria hizo zilisaidia. Lakini sheria inamlazimisha mlipaji, haimhamishi daktari. Marekani yenyewe, pamoja na sheria yake, wanawake wa vijijini wameendelea kujengwa matiti kwa uchache kuliko wa mijini, na wanawake weusi kwa uchache kuliko weupe. Na jimbo la New York likagundua jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini cha hotuba yangu. Mwaka 2010, miaka 12 baada ya haki ya kulipiwa, walilazimika kutunga sheria nyingine ya kuziamuru hospitali zimwambie mwanamke, kabla ya kumwondoa titi, kwamba kulijenga kunawezekana, kwamba bima yake inahusika, na kwamba kama huduma haipo hapo anaweza kupelekwa ilipo. Hebu fikirini. Haki ilikuwapo, fedha zilikuwapo, na kumbe wapo waliokuwa wanalala kwenye meza ya upasuaji bila kuambiwa.

Uingereza ni mfano unaoniuma zaidi, kwa sababu pale mgonjwa halipi hospitalini. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2002 ulishasema wanawake wazungumzwe nao kuhusu kujengwa titi. Kisha ukafanyika ukaguzi wa kitaifa uliowafuatilia zaidi ya wanawake 18,000, wengi wao wa England, walioondolewa titi au kujengwa titi kati ya Januari 2008 na Machi 2009. Kati ya walioondolewa titi, waliojengwa papo hapo, katika upasuaji ule ule, walikuwa asilimia 21 hivi. Na idadi hiyo ilipogawanywa kwa maeneo, ilipanda na kushuka sana, na tofauti hizo hazikuisha hata ulipozingatia umri wa wanawake na hali ya ugonjwa wao. Huduma moja, mwongozo mmoja, lakini alichopata mwanamke kilitegemea barua yake ya rufaa imeangukia mlango gani. Ninachowaheshimu wale ni kwamba walihesabu, wakaandika, wakachapisha, na aliyeona aibu akaona aibu. Ni hospitali ngapi duniani leo zinaweza kukwambia, kati ya wanawake mia waliowaondoa matiti mwaka jana, ni wangapi walielezwa, wangapi walikataa, wangapi walitaka wakakosa?

Nije kwenye upande mzito zaidi wa dunia.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa saratani ya matiti duniani, na 670,000 walifariki. Katika nchi tajiri wengi wao hawahitaji kuondolewa titi zima. Umberto Veronesi wa Milan, na Bernard Fisher huko Marekani, walithibitisha kwa tafiti zilizofuatilia wanawake kwa miaka 20, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002, kwamba kuondoa uvimbe peke yake na kufuatisha mionzi kunampa mwanamke uhai sawa na kuondolewa titi lote. Lakini sikilizeni vizuri sharti lake: na kufuatisha mionzi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzisha mpango wake wa tiba ya mionzi mnamo Februari 2022, zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja. Pasipo na mashine, daktari hana namna, anaondoa lote. Na mgonjwa aliyechelewa kugunduliwa naye anaondolewa lote.

Maana yake ni kwamba palepale ambapo matiti mengi zaidi yanaondolewa mazima, ndipo penye mabingwa wachache zaidi wa kuyajenga. Mwanamke anayeishi karibu na kila kitu anabaki na titi lake. Anayeishi mbali na kila kitu anapoteza lote na halijengwi. Umbali ule ule umemchapa mara mbili. Nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea hesabu.

Najua kuna swali moyoni mwa baadhi yenu, na ni swali la haki, nami nimewahi kulitamka mwenyewe nikiwa mwanafunzi: watu wanakufa kwa kukosa dawa, na wewe unatuletea habari za urembo? Kwanza aishi. Jamani, kweli kwanza aishi. Sijawahi kusimama mahali nikaomba fedha za tibakemia zihamishiwe kwenye hadubini, wala sitasimama. Lakini hawa ninaowazungumzia wameishi. Yule mama wa soksi ameishi miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa hajawahi kuvua nguo mbele ya dada yake wa tumbo moja. Amekuwa akioga usiku. Wapo walionieleza kwamba waliacha kuwakumbatia wajukuu upande ule, wasije wakagundua. Wapo waliokimbia kabla ya upasuaji, uvimbe ukiwa bado unatibika, kwa sababu waliambiwa tu "tutakata", pasipo neno jingine, na wakarudi baada ya mwaka ukiwa umepasuka. Hao wa mwisho walihitaji neno moja la matumaini kwenye maelezo yao, na neno hilo lingewaweka hai. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Sisi wahudumu ndio tumewafichisha wagonjwa uchi wao kwa kukaa kimya.

Wala sitaki tuvuke mpaka kwa upande wa pili. Wapo wanawake wanaoelezwa yote na wanasema hapana, mimi nataka kifua bapa na nirudi kazini. Hao nao wanakosewa, tena hata katika hospitali kubwa: unakuta daktari ameacha ngozi iliyokunjana "endapo atabadili mawazo", wakati mwenye mwili alishasema. Mwaka 2020 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliingiza katika kamusi yake maelezo ya upasuaji wa kufunga kifua kikawa bapa na laini, na hilo lilikuwa jibu kwa wanawake waliodai kwamba kifua bapa ni chaguo la kufanywa kwa ustadi, kisichukuliwe kama mabaki ya kazi ambayo haikumalizika. Nalisisitiza hili kwa madaktari wa hospitali za mbali walio hapa. Kufunga kifua vizuri hakuhitaji hadubini. Kovu lililonyooka, lisilo na kinyama kinachoning'inia kwapani, lisilokwaruzwa na sidiria, mnaweza kumpa mwanamke hata kama bingwa wa karibu yuko safari ya siku mbili. Hilo nalo ni sehemu ya huduma tunayoizungumzia, na ndiyo sehemu inayoweza kuanza Jumatatu.

Tunachoweza kufanya kingine ni nini? Mimi nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuogopa orodha ndefu. Naomba machache.

Fomu ya idhini ya kuondoa titi iwe na mstari wa ziada: ameelezwa kuhusu kujenga titi, kifua bapa na titi bandia, na jibu lake ni hili. Mstari mmoja. Ukiachwa wazi, chumba cha upasuaji kiulize kabla ya kumpeleka mgonjwa mezani, kama kinavyouliza kuhusu mzio wa dawa. Maelezo yatolewe na mtu anayejua lugha ya mgonjwa, na yatolewe hata kama huduma yenyewe haipo mahali pale. Hapo ndipo nasikia ubishi: kwa nini umtamanishe mtu kitu usichoweza kumpa? Kwa sababu ni mwili wake, na kwa sababu titi si lazima lijengwe siku ile ile. Linaweza kujengwa baada ya miezi, baada ya mionzi kumalizika, hata baada ya miaka kumi. Anayejua anaweza kujipanga, kuomba rufaa, kusubiri msafara wa mabingwa. Wahenga walituambia asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini mgonjwa hawezi kuuliza jambo ambalo hajui kuwa lipo. Kuuliza ni kazi yetu.

La pili, mabingwa wasafiri. Njia ya msuli wa mgongoni, ile ya Tansini, haihitaji kuunga mishipa, kwa sababu mshipa haukatwi; nyama inageuzwa tu kuja mbele ikiwa imeshikana na damu yake. Bingwa anayekuja mara nne kwa mwaka katika hospitali ya eneo anaweza kuifanya, na akiifanya pamoja na daktari wa pale, baada ya miaka michache daktari wa pale hamhitaji tena kwa kesi za kawaida. Kazi ya hadubini ibaki katika vituo vichache vinavyoifanya mara kwa mara, maana mkono usiofanya mara kwa mara unasahau. Lakini basi nauli na malazi ya mgonjwa na mtu wake mmoja vihesabiwe kama sehemu ya matibabu, sawa na dawa. Na ziara za kutanua ngozi zifanyike kituo cha karibu na nyumbani. Muuguzi anaweza kufundishwa kazi hiyo. Niliifundishwa mimi.

La tatu ni kuhesabu, kwa eneo, kila mwaka, na kuyaweka matokeo mahali tunapoweza kuyasoma sote.

Nimalizie habari ya yule mama, maana kuna dada pale nyuma ameniandikia kikaratasi anauliza alijengwa au hakujengwa.

Alipewa rufaa, akaenda. Bingwa alimpima, akamwonyesha picha, akamweleza njia zote na hatari zake. Akarudi kwangu baada ya mwezi akasema amefikiri, na hataki kupasuliwa tena. Anataka titi bandia la silikoni lenye uzito unaolingana na la kulia, na mtu wa kumkanda mkono uvimbe upungue. Vyote viwili tulivipata. Soksi alikataa kuitupa, alisema ni ya akiba.

Halafu akanishika mkono, akaniambia mdogo wake amekutwa na uvimbe na amepangiwa upasuaji Alhamisi ya wiki ile, katika hospitali nyingine. Aliomba karatasi na kalamu. Akaandika pale pale kwenye kona ya meza yangu, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika kila siku: MMEMWULIZA ANATAKA KIFUA CHAKE KIWEJE? Akaikunja, akaitia kwenye sidiria upande wa kushoto, akaondoka.

Upasuaji wa mdogo wake uliahirishwa kwa siku kumi na mbili, ili kwanza aonane na bingwa. Karatasi ile iliwekwa kwenye faili lake. Nimeiona. Chini ya swali la dada yake kuna jibu, mistari mitatu, kwa mwandiko wake mwenyewe, na sahihi ya daktari aliyelisoma.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.